Wifi ameshasema nyumba yangu inanuka, na mama mkwe yuko njiani

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa jikoni na mlango nimeufunga, maana mume wangu akiniona na simu muda huu atasema nimeanza tena habari zangu za harufu. Mimi kwetu Tanga, nimeolewa Dodoma, na tuna mwaka na nusu tangu tuhamie nyumba ya kupanga huku Ilazo. Nyumba ni mpya, nzuri kwa macho: vigae, dari ya jipsamu, vyumba vitatu, kimoja masta chenye choo chake ndani. Watoto ni wawili, mmoja ana miaka saba na mwingine mitatu.

Tatizo ni kwamba nyumba inanuka. Nasafisha kila siku, Shangazi, Mungu ni shahidi yangu. Napiga deki asubuhi, naosha choo, lakini ikifika saa nane mchana kunatoka harufu kama ya yai viza. Inaanzia upande wa vyumbani, inakuja koridoni mpaka sebuleni. Jioni inapungua, kesho inarudi. Nilianza kuisikia mwezi wa sita. Wakati wa mvua haikuwepo, au labda sikuisikia. Juu ya hiyo kuna ya jikoni, kwa sababu sisi ni watu wa dagaa na samaki wa Mtera, na kuna ya godoro la huyu mdogo ambaye bado anakojoa kitandani.

Maji kwetu yanatoka kwa zamu, kwa hiyo choo cha masta tulikifunga siku nyingi. Humo tumepanga madumu na ndoo, na wote tunatumia choo cha koridoni. Nakuelezea usije ukadhani nina vyoo viwili vichafu.

Wifi yangu alikuja kutoka Mpwapwa kwa ajili ya mahafali, akalala siku mbili. Hakuniambia kitu. Akala, akacheka, akaniaga vizuri. Wiki iliyofuata mama mkwe ananipigia simu, baada ya salamu ananiuliza kwa sauti ya upole kabisa: "Mwanangu, kwani huko kwenu maji hakuna?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Mume wangu akaja na makopo matatu ya kupulizia, ya maua, ya limao na mengine sijui ya bahari. Nikapuliza kila chumba asubuhi na jioni. Siku ya pili usiku mdogo akabanwa na kifua, ana pumu, tukakimbia naye hospitali saa saba za usiku. Daktari akasema makopo hayo tuache, na moshi wowote ndani tuache. Sasa mimi nimelelewa na udi na ubani, kwetu magharibi haiingii bila chetezo. Hata hilo nimenyang'anywa.

Majirani kila mmoja ana dawa yake. Mmoja amenipa vidonge vyeupe nikaweka chooni na kabatini. Mwingine ananiambia niweke mkaa. Mwingine ananiambia nichanganye jiki na siki nimwage kwenye tundu la choo, eti hakuna harufu itakayobaki. Mama mkwe anakuja mwisho wa mwezi huu, atakaa mwezi mzima kwa ajili ya kliniki. Naomba unisaidie kabla hajashuka kwenye basi.

Ni mimi Mwenye Aibu, Ilazo.

Marahaba, mwanangu.

Kabla hujasoma zaidi, kuna mambo mawili ya kufanya leo hii. Vile vidonge vyeupe vitoe, vyote, cha chooni na cha kabatini, uvifunge kwenye mfuko ukavitupe mbali na mikono ya mtoto. Ikiwa ni vile vya kuwekea nguo zisiliwe na nondo, hiyo mara nyingi ni naftalini. Mvuke wake haumfai mwenye pumu. Zaidi ya hapo, wapo watu waliozaliwa na upungufu ambao madaktari wanauita G6PD, na katika nchi zetu si wachache, ambao naftalini inaweza kuwavunja chembe nyekundu za damu. Na mtoto wa miaka mitatu akiona kidonge cheupe kinachong'aa atadhani ni peremende.

La pili ni hiyo jiki na siki. Usithubutu. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na bafu la kupanga lenye dirisha la futi moja tu si mahali pa kuvutia gesi hiyo. Jiki hata na mkojo haipatani. Ukiitumia chooni, mwaga maji kwanza, fungua dirisha, na mtoto akae nje. Jirani yako hana nia mbaya, ila ushauri wa namna hii unapita kwa watu kama chumvi, na hakuna anayeuliza umetoka jiko gani.

Haya, sasa tuje kwenye yai viza lako.

Umeniandikia mambo matatu bila kujua kwamba umeshanipa jibu. Harufu ilianza mwezi wa sita. Inatoka upande wa vyumbani. Na choo cha masta kimefungwa siku nyingi. Mwanangu, huna uchafu. Una mitego mikavu.

Chini ya kila tundu linalopeleka maji taka nje, liwe la sinki, la bafu au la choo chenyewe, bomba linatakiwa lipinde kama shingo ya bata. Mafundi wanauita mpindo huo trapu. Maji ya mwisho uliyomwaga hubaki yamekaa pale kwenye mpindo, kina chake kama sentimita tano hivi, na maji hayo ndiyo mlango. Yanaruhusu maji taka kwenda na yanazuia hewa ya shimo kurudi. Ujanja huu ni wa siku nyingi: mwaka 1775 Alexander Cumming, fundi saa wa Uskoti aliyekuwa London, alipewa hataza ya choo chenye bomba lililopinda kama herufi S. Tangu wakati huo mpaka leo ulimwengu mzima unategemea kikombe cha maji kusimama kati ya sebule na shimo la choo.

Sasa kikombe hicho kiweke Dodoma. Mvua yetu inakwisha mwezi wa nne, ya pili tunaisubiri mpaka mwezi wa kumi na mbili, na katikati hapo ni jua na upepo. Wewe mtu wa Tanga unajua nguo inayokaa kambani siku mbili bado ina unyevu. Hapa unaanika khanga, unageuka kuchukua pini, imekauka. Hewa hiyohiyo inayokausha khanga yako inakunywa maji ya kwenye trapu. Choo kinachotumika kila siku hakina shida, maji yanajazwa tena. Choo kilichofungwa, wiki chache tu za kiangazi, mlango uko wazi, na gesi ya shimo inapanda na kuingia chumbani kwa raha zake. Ile harufu ya yai viza ni haidrojeni salfaidi, ambayo huzaliwa mahali popote uchafu unapooza bila hewa. Mchana joto likipanda na upepo ukivuma juu ya paa, inavutwa ndani zaidi. Ndiyo maana saa nane ndiyo saa yake. Na ndiyo maana wakati wa mvua hukuisikia, hewa ilikuwa na unyevu, huenda na choo hicho mlikuwa bado mnakitumia.

Usiniamini kwa maneno. Mwite mumeo, mpe simu yenye tochi, muingie wote kwenye choo cha masta, mtoe madumu. Amulike ndani ya kile kitundu cha sakafuni, pale maji ya kuoga yanapoingilia. Maji yakiwepo, mwanga utarudi usoni kwake, ataona hata sura yake ikitikisika. Akiona giza tu, na pembeni utando mkavu wa sabuni uliopasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka, mmemkamata mwizi. Mfanye hivyo kwenye sinki la kunawia na kwenye bakuli la choo. Bakuli nalo hukauka: utaona alama ya duara pale maji yalipokuwa, na chini yake hakuna kitu.

Mkishaona, mwageni maji. Kitundu cha sakafu na sinki, jagi moja moja linatosha. Bakuli la choo, nusu ndoo. Mfungue dirisha la masta, mlango wa kwenda koridoni mfunge, muondoke. Kesho saa nane mchana ndipo utajua kama nimesema kweli.

Najua unachowaza: maji yenyewe ya zamu, nianze kumwagia vyoo visivyotumika? Tumia maji ya kusuuzia nguo, yale ya mwisho ambayo yamebaki karibu meupe. Mara moja kwa wiki, kiangazi chote. Ukitaka yadumu, baada ya kumwaga weka juu yake kijiko kimoja au viwili vya mafuta ya alizeti kwenye kitundu cha sakafu na kwenye lile sinki. Mafuta yanaelea, yanakuwa kama kifuniko, maji hayapandi haraka. Mafuta ya Singida yamejaa sokoni, sikupeleki dukani kununua dawa. Ila jikoni usimwage mafuta kwenye sinki, huko yanashikamana na uchafu na kuziba.

Nina sababu ya kusema kwa uhakika hivi. Nilipohamia nyumba ninayokaa sasa, harufu kama yako ilinitesa miezi miwili. Mimi niliamini ni panya amefia darini. Nikamwita fundi, akapanda, akatoboa dari mahali pawili, akashuka na vumbi kichwani akaniambia panya amekwisha kukauka, hataonekana, akachukua hela yake na kwenda. Nikakaa na matundu mawili ya dari na harufu ileile. Aliyekuja kugundua ni binti wa jirani, anasoma VETA ufundi bomba. Aliingia stoo, akasogeza gunia la mkaa, na chini yake kulikuwa na tundu la maji ambalo mjenzi aliliweka kwa ajili ya mashine ya kufulia. Mashine sijawahi kuwa nayo. Tundu lilikuwa kavu kama koo la msafiri.

Ukimwaga maji na bado harufu ipo baada ya siku mbili tatu, basi kuna mambo mengine ya kutazama, na hapo si kazi yako tena, ni ya mwenye nyumba. Huenda fundi hakuweka trapu kabisa, bomba limeshuka moja kwa moja. Nimeona hivyo, hasa kwenye hizi nyumba zilizoota haraka baada ya serikali kuhamia huku. Kwa muda ziba tundu hilo kwa kizibo cha mpira wakati halitumiki. Huenda shimo limejaa na linahitaji gari la kunyonya. Au mfuniko wa chemba nje umepasuka, au lile bomba la kupumulia linaloenda juu ya paa halipo. Mwambie kwa adabu lakini kwa maandishi, ujumbe wa simu unatosha. Mwenye nyumba anayeambiwa kwa mdomo husahau mpaka siku ya kodi.

Hiyo ndiyo harufu kubwa. Hizo nyingine ni ndogo ndogo, na kwa kusema kweli nadhani wifi yako hakuzisikia.

Godoro. Mtoto wa miaka mitatu kukojoa kitandani si kosa lake wala lako. Weka plastiki chini ya shuka, yale mambo ya zamani tu. Akikojoa, kandamiza kwa kitambaa kikavu mpaka kisinyonye tena, usisugue, ukisugua unaupeleka mkojo chini. Kisha changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, lowesha pale tu palipochafuka, kandamiza tena. Hapo jiki isiwe karibu, nimeshasema. Pakikauka kidogo nyunyizia bekingi soda, iache masaa kadhaa, uikung'ute nje. Angalia usinunue bekingi pauda, makopo yake yanafanana na wauzaji wengi wanakupa hii ukiomba ile. Halafu toa godoro nje.

Hapa ndipo Dodoma inapokupa kitu ambacho Tanga haikuwa nacho. Jua letu na ukavu wa hewa, masaa machache tu, ni dawa ambayo hakuna kopo linaloifikia. Ila lina masharti. Anika kuanzia saa saba mchana, na geuza upande saa tisa. Upepo wetu mwingi unatoka mashariki, kwa hiyo liegemeze upande wa magharibi wa nyumba, ukuta ulikinge na vumbi, la sivyo utaingiza ndani godoro lisilo na mkojo lakini lenye nusu kilo ya udongo mwekundu, na huyo mwenye pumu ndiye atakayelilalia. Lifunike khanga kuukuu nyepesi. Sponji ikipigwa na jua kali ikiwa uchi, siku baada ya siku, inageuka njano na kuanza kumeguka.

Jikoni. Harufu ya samaki ina tabia moja: inaogopa uchachu. Kinachonuka ni kitu cha jamii ya amonia, na kikikutana na ndimu au siki hakiruki tena hewani. Kwa hiyo usioshe samaki kwa sabuni ukidhani unaua harufu. Muoshe kwa maji baridi, mpake ndimu, au kama ndimu ni ghali tumia ukwaju, tunao mwingi huku, loweka konzi moja kwenye maji ya uvuguvugu. Maji hayohayo ya ukwaju yakishatumika pitisha kwenye ubao wa kukatia, pamoja na chumvi ya mawe, sugua. Dagaa wakae kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, siyo kwenye mfuko wa nailoni unaoning'inia nyuma ya mlango. Wewe wako wako wapi? Nimeuliza tu.

Friji: kisahani cha bekingi soda kwenye rafu ya katikati, ubadilishe baada ya mwezi hivi. Mkaa aliokushauri jirani unasaidia kidogo mahali padogo palipofungwa, kama friji na kabati la viatu, ukitoa juani mara kwa mara. Sebuleni ni pambo. Na ni mkaa wa baridi ninaousema. Nasisitiza kwa sababu mwezi wa saba huku usiku unakuwa wa baridi kweli, tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na wapo wanaoingiza jiko chumbani, wanatupia maganda ya chungwa juu ya makaa yanukie vizuri, wanafunga mlango, wanalala. Moshi mnaouona sio huo unaoua. Inayoua ni kaboni monoksidi, haina harufu hata kidogo, wala chungwa haliifanyi kitu.

Kuna kitu kimoja hukukitaja na ningeweka dau kipo. Tambara la deki. Nenda sasa hivi, litoe kwenye ndoo, lisogeze puani. Kama linachachuka, basi kila asubuhi unapopiga deki unachukua harufu ile na kuipaka nyumba nzima, kona kwa kona, kwa bidii yako yote. Lichemshe na sabuni, lianike juani likauke kabisa, na uwe nayo mawili ili moja liwe linakauka. Kitambaa cha vyombo vivyo hivyo. Mimi nimeingia kwenye nyumba za watu wasafi sana zinazonuka tambara, na wenyewe hawajui, kwa sababu pua huzoea. Ukikaa na harufu nusu saa, akili inaifuta. Ukitaka kuijua nyumba yako, toka, nenda sokoni, ukirudi simama mlangoni kabla hujasema na mtu, vuta pumzi mara tatu. Kwa hizo pumzi tatu tu, wewe ni mgeni nyumbani kwako.

Na madirisha. Hewa haiingii kwa dirisha kuwa wazi tu, inatakiwa iwe na pa kutokea. Fungua la mashariki na la magharibi kwa pamoja, kuanzia alfajiri mpaka saa tatu hivi kabla upepo haujapanda na vumbi. Kisha tazama nyavu za mbu. Kwetu huku wavu ukikaa msimu mmoja vitundu vinazibwa na vumbi mpaka unakuwa kama kitambaa. Shika uzi mwembamba wa pamba mbele ya dirisha: usipotikisika, huna dirisha, una picha ya dirisha. Kama wavu unatoka kwenye fremu yake, utumbukize kwenye maji ya sabuni, au sugua kwa brashi ya nguo. Vumbi la ndani futa kwa kitambaa chenye unyevu. Ufagio mkavu unalinyanyua tu limfuate mtoto kifuani.

Sasa udi. Najua nilikuwa nauzunguka. Mimi pia nimekua na chetezo, na sitakuambia kwamba udi ni mbaya, kwa sababu si mbaya, ni wetu. Lakini moshi ni moshi. Kifua cha mtoto hakiulizi kama umetoka Pemba au umetoka kwenye kopo. Daktari wako yuko sahihi. Fukiza nguo nje uani wakati watoto hawapo, zikae juu ya tenga kama mama zetu walivyofanya, kisha ziingize kabatini; utaisikia harufu ya kwenu kila ukifungua mlango wa kabati. Ndani ya nyumba, kama kweli unataka kitu kinukie, chemsha kwenye sufuria ndogo mchaichai, karafuu nne tano na kipande cha mdalasini, moto mdogo, robo saa, uzime. Siku ya kwanza mtazame mtoto, maana wapo wenye pumu ambao hata harufu nzuri kali inawabana. Akikohoa, acha. Mchaichai utaota vizuri hapo maji ya bafu yanapotokea nje, na kivumbasi huna haja hata ya kupanda, utakikuta pembeni ya njia kikisubiri mvua.

Lakini nisikudanganye kwamba sufuria hiyo ni badala ya makopo. Makopo hayali harufu, yanaifunika, na mdalasini ni hivyohivyo. Ukichemsha mdalasini kabla hujajaza trapu, utapata nyumba inayonuka yai viza na pilau.

Na sasa mumeo na wifi. Mumeo alisikia "nyumba inanuka" akaelewa "mke wangu hasafishi", akaenda kununua makopo ili mambo yaishe bila kuzungumza. Wanaume wengi hufanya hivyo, hununua. Ndiyo maana nimesema ashike tochi yeye mwenyewe. Akishaona kile kitundu kikavu kwa macho yake, hutahitaji kujitetea, na yeye ndiye atakayemwambia mama yake kwamba lilikuwa bomba. Maneno hayo yakitoka kwako yatakuwa kisingizio, yakitoka kwa mwanawe yatakuwa habari. Wifi mwache. Angeweza kukuambia mwenyewe jikoni mkiosha vyombo, hakufanya, hilo ni lake. Akija tena mpe kazi ya kuanika godoro.

Mama mkwe akifika, chumba utakachomlaza nadhani ni hicho cha masta, maana mtu wa kliniki anahitaji choo karibu. Vizuri, atakuwa anakitumia kila siku na maji hayatakauka. Ila madumu mtayahamishia wapi? Kama ni stoo, au ile kona ya nyuma ya mlango wa jikoni, pangusa sakafu kwanza na utazame vizuri pembeni kabla hujayapanga. Mjenzi wako anaweza akawa na akili kama za wangu.